Vipokezi vya Serotonini na Kifafa

Serotonini hutengenezwa na seli chache mno za ubongo, ila hufika karibu kila pembe yake. Kati ya seli za neva zipatazo bilioni 86 alizo nazo binadamu, zinazozalisha kemikali hii ni laki chache tu, nazo zimejikusanya katikati ya shina la ubongo, mahali panapoitwa viini vya rafe. Kutoka hapo hutandaza nyuzi kwenda juu hadi kwenye gamba la ubongo na hipokampasi, na kwenda chini hadi kwenye uti wa mgongo. Ndiyo maana kemikali hii moja inahusishwa na usingizi, hamu ya kula, joto la mwili, pumzi, furaha na huzuni, na pia kifafa.

Vittorio Erspamer wa Italia aliipata kwanza kwenye utumbo katika miaka ya 1930, akaiita enteramini. Mwaka 1948 Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page, waliokuwa Cleveland nchini Marekani, waliitenga kutoka kwenye majimaji ya damu, na jina la serotonini likatokana na uwezo wake wa kukaza mishipa. Ilichukua muda kutambua kwamba vitu hivyo viwili ni kitu kimoja. Betty Twarog ndiye aliyeikuta ubongoni, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1953. Zaidi ya asilimia 90 ya serotonini yote ya mwili imo tumboni, na hiyo haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Ndizi mbivu ina serotonini, lakini mtu anaweza kula chane nzima na ubongo wake usionje hata chembe ya ile iliyomo ndani ya ndizi. Ubongo hujitengenezea yake kutokana na triptofani, ambayo hupatikana katika protini za mayai, samaki, maziwa na jamii ya kunde, na ambayo mahindi yanayo kwa uchache.

Serotonini haibebi ujumbe wenye maneno yake. Kazi yake inafanana na kitufe cha sauti cha redio kuliko na mtangazaji: haileti habari, bali huamua habari isikike kwa nguvu kiasi gani. Na kama itaongeza au itapunguza, hilo haliamuliwi na serotonini yenyewe. Linaamuliwa na vipokezi, yaani protini zilizopachikwa kwenye ngozi ya seli ili kuinasa. Vipokezi hivyo vimegawanywa katika koo saba zenye aina kama 14, na wataalamu huzitaja kwa namba na herufi: 1A, 2A, 2C, 3, na kuendelea. Hapa ndipo ugumu wote wa somo hili ulipo. Kusema kwamba serotonini ni nzuri au mbaya kwa kifafa, bila kutaja kipokezi gani na kiko wapi, ni kusema jambo lisilo na maana.

Kifafa hutokea pale kundi la seli za neva linapofyatua umeme kwa pamoja na kwa kupita kiasi. Katika hali ya kawaida, seli zinazosisimua hutumia glutamati, zile zinazotuliza hutumia kemikali iitwayo GABA, na pande hizo mbili hulingana. Serotonini huingilia ulinganifu huo kwa njia nyingi. Kipokezi cha 1A, ambacho kimejaa katika hipokampasi, hufungua milango ya potasiamu kwenye seli. Potasiamu inapotoka, seli hutulia na kuwa ngumu kufyatuka. Kipokezi cha 2A kwa kawaida huisisimua seli iliyokibeba, na 2C vilevile. Hata hivyo, mara nyingi seli inayosisimuliwa ni ile yenye kazi ya kuzituliza nyingine, hivyo matokeo ya mwisho huwa ni utulivu. Kipokezi cha 3 kina tabia tofauti kabisa na ndugu zake: chenyewe ni mlango wa ayoni, na hufunguka papo hapo.

Uhusiano wa kemikali hii na kifafa ulianza kushukiwa mapema. Mwaka 1957 Bonnycastle, Giarman na Paasonen walionyesha kwamba dawa kadhaa za kuzuia degedege, fenitoini ikiwemo, ziliongeza serotonini katika ubongo wa panya. Baadaye kikundi cha Phillip Jobe na John Dailey nchini Marekani kilichunguza kizazi cha panya ambao huzaliwa na kifafa na huanguka wakisikia kengele kali. Panya hao walikuwa na upungufu wa serotonini, na dawa ya fluoksetini, ambayo huiacha serotonini ikae muda mrefu zaidi kati ya seli, iliwapunguzia mishtuko. Kikundi hichohicho kiligundua kwamba kabamazepini, ambayo wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wanaijua kwa jina la Tegretol, huongeza serotonini katika hipokampasi ya panya hao, na kwamba serotonini ikiondolewa kwanza, nguvu ya dawa nayo hupungua. Kabamazepini inasifika kwa kuziba milango ya sodiamu, na hiyo ndiyo kazi yake kuu. Hata hivyo inaelekea haifanyi kazi hiyo peke yake.

Ushahidi wa moja kwa moja zaidi ulikuja mwaka 1995. Laurence Tecott na wenzake huko San Francisco walizalisha panya wadogo wasio na jeni la kipokezi cha 2C. Panya hao walinenepa kwa kula kupita kiasi, na pia walipata kifafa, baadhi yao wakafa. Jeni moja la kipokezi kimoja lilikuwa limefungua mlango wa magonjwa mawili ambayo hakuna aliyekuwa akiyaweka pamoja. Miaka mitano baadaye panya waliokosa kipokezi cha 1A nao walionekana kuathirika zaidi walipopewa asidi ya kainiki, sumu inayotumiwa maabara kuamsha kifafa.

Kutoka kwa panya hadi kwa binadamu kuna hatua ndefu, na iliyofupisha safari hiyo ni kamera ya PET. Mgonjwa huchomwa sindano ya kemikali iliyotiwa mionzi kidogo, iliyochaguliwa kwa kuwa hunasa kwenye kipokezi cha 1A, kisha kamera hupima imenasa wapi na kwa wingi gani. Waliopimwa zaidi ni wenye kifafa kinachoanzia katika sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya panja, mara nyingi ndani ya hipokampasi. Mgonjwa wa kifafa cha aina hii si lazima aanguke. Anaweza kuduwaa, akatafunatafuna pasipo chakula mdomoni, akachezea vifungo vya shati, kisha asikumbuke lolote. Jamaa wasioujua ugonjwa huu huweza kudhani amepagawa, au ana dharau.

Kati ya mwaka 2003 na 2004 vikundi vitatu vilivyotumia kemikali tatu tofauti vilileta habari moja. Cha kwanza kilikuwa cha William Theodore na wenzake katika taasisi za taifa za afya huko Bethesda, Marekani. Cha pili cha Ivanka Savic. Cha tatu cha Isabelle Merlet na wenzake huko Lyon, Ufaransa. Wote waliona kwamba vipokezi vya 1A vinavyonasa kemikali vimepungua upande ule kifafa kinakoanzia. Upungufu haukuishia hapo. Ulifika pia katika maeneo yanayoungana na chanzo, kama insula, na Savic aliuona hata kwenye viini vya rafe vyenyewe.

Kazi ya Lyon inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ilikuwa na kitu ambacho picha peke yake haina. Wagonjwa wake walikuwa wakiandaliwa kwa upasuaji, na madaktari walikuwa wamewaingizia nyaya nyembamba ndani ya ubongo ili kusikiliza umeme wa kila eneo. Kwa hiyo picha ya vipokezi iliweza kulinganishwa na umeme halisi. Upungufu ulikuwa mkubwa zaidi mahali kifafa kinapoanzia na kule kinakosambaa haraka. Katika maeneo yenye cheche ndogo za kati ya kifafa kimoja na kingine ulikuwa mdogo zaidi. Kipimo cha vipokezi kilikuwa kikifuata ukali wa ugonjwa, eneo kwa eneo.

Swali la kwanza linalozuka ni kama vipokezi vimepungua, au ni seli zenyewe zilizokufa. Hipokampasi ya mgonjwa wa muda mrefu mara nyingi husinyaa na kuwa na kovu. Pasipo na seli hapana kipokezi. Watafiti walilijua hilo, wakarekebisha hesabu zao kwa kuzingatia kusinyaa, na upungufu ukabaki. Isitoshe, umeonekana kwa wagonjwa ambao picha za MRI hazionyeshi kasoro yoyote. Kifo cha seli kinaeleza sehemu tu ya jambo hili.

Yapo maelezo mengine yanayowezekana. Seli ikisisimuliwa mno huweza kuvivuta vipokezi ndani, visionekane tena juu ya ngozi yake. Inaweza pia kupunguza utengenezaji wa vipokezi vipya kwa kulinyamazisha jeni husika. Na kuna uwezekano wa tatu, ambao husahaulika kirahisi: kemikali ya kupimia hugombania nafasi na serotonini ya mgonjwa mwenyewe, hivyo picha yenye mnaso hafifu inaweza kumaanisha kwamba vipokezi vipo, ila vimekwisha kukaliwa. Hakuna kamera inayotenganisha hayo yote kwa pigo moja.

Ni kwa sababu hiyo wanyama wa maabara bado wanahitajika. Mwaka 2008 Andrey Mazarati na wenzake huko Los Angeles waliwapa panya pilokapini, dawa inayoamsha kifafa kirefu kisichokatika, na baada ya majuma kadhaa panya wakawa na kifafa cha kudumu. Hapo wakapimwa hali yao ya kihisia. Panya mzima akitiwa majini huhangaika kutafuta pa kutokea. Hawa walikata tamaa mapema. Panya mzima akipewa maji matupu na maji matamu huchagua matamu, hawa hawakujali. Dalili hizo katika maabara huhesabiwa kuwa mfano wa sonona. Walipopima kemikali, walikuta serotonini inayofika hipokampasi imepungua, na baadaye wakaonyesha kwamba chanzo cha upungufu kilikuwa kwenye rafe, ambako vipokezi vya 1A vilikuwa vimeongezeka.

Kuongezeka huko ndiko kunakoshangaza, na ndiko kunakofumbua mengi. Katika hipokampasi, kipokezi cha 1A hupokea serotonini iliyotoka mbali na kuituliza seli inayopokea. Kwenye rafe, kipokezi hichohicho kimekaa juu ya seli inayozalisha serotonini, na kazi yake ni kuiambia seli hiyo ipunguze uzalishaji. Kikizidi mahali pale, chanzo hujinyamazisha, na hipokampasi hukosa. Watafiti walipokiziba kipokezi hicho ndani ya rafe peke yake, dalili za sonona kwa panya zilipungua. Kikundi hichohicho kilikuja kuonyesha kwamba uvimbe wa ndani kwa ndani unahusika: walipoizuia interlukini-1, mojawapo ya protini zinazochochea uvimbe, katika hipokampasi ya panya wale, hali ya wanyama hao iliboreka. Kwa mfululizo huo, kifafa huleta uvimbe, uvimbe hubadilisha vipokezi, na vipokezi vilivyobadilika huathiri hisia za mgonjwa.

Kwa binadamu sonona huwapata karibu robo ya wenye kifafa, na mara nyingi haitibiwi. Huchukuliwa kuwa ni huzuni ya kawaida ya mtu aliyekatazwa kuendesha gari, aliyekosa kazi au aliyeachwa na mchumba. Huzuni hiyo ipo na ina sababu zake. Lakini picha za PET za Bethesda ziliwakuta wenye kifafa cha panja walio na sonona wakiwa na upungufu mkubwa zaidi wa kipokezi cha 1A kuliko wenzao wasio nayo. Tena njia inapitika pande zote mbili: watu waliowahi kuwa na sonona kali, bila kifafa, wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuja kupata kifafa kuliko wengine. Inaelekea magonjwa haya mawili yana mzizi mmoja, na vipokezi vya serotonini ni sehemu ya mzizi huo.

Hofu ya siku nyingi ya madaktari ilikuwa kwamba dawa za sonona huamsha kifafa. Hofu hiyo haikutoka hewani. Dawa za zamani kama klomipramini zina hatari hiyo, na mtu akinywa amitriptilini kupita kiasi anaweza kupata degedege. Lakini mwaka 2007 Kenneth Alper na wenzake walichambua ripoti za majaribio zilizowasilishwa kwa mamlaka ya dawa ya Marekani, zilizohusu wagonjwa zaidi ya 75,000, na kukuta kwamba waliopewa dawa za sonona kwa jumla walipata kifafa mara chache kuliko waliopewa vidonge visivyo na dawa. Dawa chache, klomipramini ikiwa mojawapo, zilikwenda kinyume. Kumnyima tiba mgonjwa mwenye kifafa na sonona kwa sababu ya hofu ile ya jumla, baada ya matokeo kama hayo, ni vigumu kukutetea.

Pamoja na hayo, kipokezi cha 1A hakiwezi kutangazwa kuwa rafiki wa kila mwenye kifafa. Kuna kifafa cha kuzubaa, ambacho humpata zaidi mtoto wa shule: ananyamaza katikati ya sentensi kwa sekunde chache, macho yakiwa wazi, kisha anaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea. Kifafa hicho hutokana na mzunguko wa umeme kati ya thalamasi na gamba la ubongo. Kwa panya waliorithi ugonjwa wa namna hiyo, dawa za kuamsha kipokezi cha 1A huongeza mawimbi ya kuzubaa badala ya kuyapunguza. Kutuliza seli kunakosaidia katika hipokampasi, ndani ya thalamasi kunaziandaa seli kufyatua kwa mapigo ya pamoja. Dawa moja ikitolewa kwa wagonjwa wote wa kifafa kwa sababu tu inaamsha 1A, wengine ingewaumiza.

Upande mwingine wa habari hii unahusu pumzi. Kila mwaka, kati ya watu wazima 1,000 wenye kifafa, mmoja hivi hufa kifo cha ghafla kisichoelezwa na ajali, kuzama wala ugonjwa mwingine. Mara nyingi hukutwa kitandani asubuhi, amelala kifudifudi. Uchunguzi wa kimataifa ulioongozwa na Philippe Ryvlin, uliochapishwa mwaka 2013, ulikusanya kumbukumbu za wagonjwa waliokufa hivyo wakiwa hospitalini chini ya mashine za kurekodi. Kumbukumbu zilipokuwa kamili, mfuatano ulijirudia: kifafa kikubwa cha mwili mzima, kupumua kukavurugika, pumzi ikakatika, kisha moyo ukasimama.

Seli za rafe zinahusika hapo kwa sababu baadhi yake huhisi hewa ya ukaa inapozidi katika damu. Ikizidi, huchochea pumzi, na humwamsha aliyelala ili ageuze uso aliouzamisha kwenye mto. Kikundi cha George Richerson na Gordon Buchanan huko Iowa kilitumia panya walioumbwa bila seli za serotonini. Panya hao walipata kifafa kwa urahisi zaidi na wengi wao walikufa kwa kukatika pumzi, ilhali waliosaidiwa kupumua kwa mashine walipona. Katika kizazi kingine cha panya, ambacho huacha kupumua baada ya kifafa kinachoamshwa na kelele, Carl Faingold na wenzake walizuia vifo kwa kutanguliza fluoksetini. Kipokezi cha 2A kinaonekana kuwa na sehemu kubwa katika kuamshwa na hewa ya ukaa.

Mpaka hapo maarifa haya yangeweza kubaki maabara. Iliyoyatoa nje ni dawa iliyokuwa imetupwa. Fenfluramini ilitumiwa kwa miaka mingi kupunguza unene kwa kuzuia hamu ya kula, hadi mwaka 1997 ilipoondolewa sokoni baada ya kugundulika kwamba inaharibu vali za moyo. Kosa lilikuwa la kipokezi cha 2B, kilichomo ndani ya vali hizo: kikiamshwa kwa muda mrefu, hufanya vali zinenepe na zishindwe kuziba vizuri. Lakini dawa hiyo humwaga serotonini na kufikia vipokezi vingi, 2C kikiwemo. Tangu miaka ya 1980 kulikuwa na ripoti chache za watoto wenye kifafa waliopata nafuu kwa kuitumia. Nchini Ubelgiji madaktari waliruhusiwa kuendelea nayo kwa watoto wachache wenye ugonjwa wa Dravet.

Ugonjwa huo, ulioelezwa na Charlotte Dravet wa Ufaransa mwaka 1978, huanza kabla mtoto hajatimiza mwaka, mara nyingi kwa degedege refu la homa. Baadaye mishtuko huja ya namna nyingi, huku maendeleo ya akili yakidumaa, na dawa za kawaida hazifui dafu. Kwa wengi chanzo ni hitilafu ya jeni la SCN1A, linalotengeneza mlango wa sodiamu unaotumiwa hasa na seli za kutuliza. Mwaka 2012 Berten Ceulemans na wenzake waliripoti habari za wagonjwa 12 waliotumia fenfluramini nchini Ubelgiji. Saba kati yao walikuwa wamekaa angalau mwaka mzima bila kifafa. Majaribio makubwa yalifuata, na Juni 2020 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa ugonjwa wa Dravet. Dozi yake ni ndogo kuliko ile ya zamani ya unene, na mtoto hupimwa moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti kabla ya kuanza na kila baada ya miezi sita. Mwaka 2022 ikaruhusiwa pia kwa ugonjwa wa Lennox-Gastaut, kifafa kingine kikali cha utotoni.

Haikuwa bahati tupu, basi, kwamba dawa ya kuzuia hamu ya kula ilizuia pia kifafa. Panya wa Tecott, wanene na wenye kifafa kwa kukosa 2C, walikuwa wamekwisha kuonyesha njia. Sasa wanaotengeneza dawa wanatafuta molekuli itakayoamsha 2C na kukiacha 2B, ili moyo usiguswe. Bexicaserin imeundwa kwa kusudi hilo, na imefikia majaribio ya awamu ya tatu kwa wagonjwa wa Dravet na wa vifafa vingine vikali vya utotoni.